Nani Kamheshimu Marehemu?

Mtaani kwetu Tabata mimi ndiye ninayetunza daftari la chama cha kufa na kuzikana. Mwanachama akifiwa, simu hunijia hata kama ni saa tisa za usiku. Natoa taarifa kwenye kundi la WhatsApp, namwamsha mweka hazina, naulizia turubai, viti na masufuria viko kwa nani, kisha naanza kuandika nani kachangia na nani bado. Kazi hii haina mshahara, lakini inamweka mtu mahali pa kusikia yale ambayo majirani hawayasemi mbele ya wafiwa.

Kuna wiki moja tulipata misiba miwili. Alitangulia mzee wa Kizaramo, alifariki alfajiri. Ilipofika saa nne asubuhi alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, jeneza limeletwa kutoka msikitini, na baada ya swala ya adhuhuri akasaliwa na kupelekwa makaburini. Saa tisa alasiri wanaume walikuwa wamerudi, wamekaa mkekani wanakunywa kahawa. Kabla wiki haijaisha akafariki mama wa Kichagga, nyumba ya tatu kutoka pale. Mwili wake ulilala mochwari siku nne, anasubiriwa mtoto aliyekuwa safarini kutoka Afrika Kusini, jeneza linatengenezwa, basi linatafutwa, ndipo akasafirishwa kwenda Rombo kuzikwa kihambani kwao.

Nyuma ya turubai la kwanza nilisikia mtu akinong'ona, "Wamemzika kama wanaomkimbia. Hata mjukuu wake wa Mwanza hakupata kumwona." Kwenye msiba wa pili mama mwingine akanivuta kanga: "Mama wa watu yuko kwenye jokofu siku zote hizi? Si kumtesa huku?" Waliosema hivyo wote ni watu wema. Ni watu wanaoamka usiku kumpeleka mtoto wa jirani hospitali. Na kila mmoja alikuwa na uchungu wa kweli kwa ajili ya marehemu asiyekuwa wake.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, Mwislamu, kwa hiyo siwezi kujifanya kwamba moyo wangu haukuwa na upande. Nilipokuwa msichana mkubwa kidogo niliitwa ndani kushika shuka wakati bibi mmoja wa jirani anaoshwa. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yamepondewa majani ya mkunazi, na ya mwisho yametiwa kafuri. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa akiosha. Mkono wake ulipita chini ya shuka bila shuka kufunuka hata kidogo. Aliyekuwa akimimina maji alipoyaachia kwa nguvu, shangazi alimzuia: mimina taratibu, anasikia huyu. Hakuna aliyenikalisha chini akanieleza kwamba maiti ana haki juu ya walio hai, kwamba haki hizo ni kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa, na kwamba kumchelewesha ni kumnyima haki yake. Nililijua jambo hilo kwa kuona mikono ya shangazi. Mpaka leo nikisikia maiti kakaa mochwari siku nne, kitu kinanikaza kifuani kabla sijafikiri lolote.

Watu wengi hudhani kwamba mtu hupima jambo kwa akili kwanza, ndipo anaamua kama ni jema au baya. Kwa mambo makubwa mara nyingi huenda kinyume. Moyo unahukumu mara moja, kwa mujibu wa yale uliyozoezwa kuyathamini tangu utotoni, halafu akili inakuja kutafuta sababu. Ndiyo maana ubishi juu ya mambo haya hauishi kwa hoja. Unayembishia hana hoja unayoweza kuibomoa. Ana shangazi yake.

Nilipoambatana na msiba wa mama yule hadi Rombo ndipo nilipoelewa upande wa pili. Tuliingia usiku, baridi imeshika. Basi lilipoacha lami wanaume walikuwa wanasubiri na tochi kandoni mwa njia, wengine wazee kabisa wamejifunika makoti. Asubuhi nikaona kaburi limechimbwa katikati ya migomba, hatua chache kutoka makaburi mengine, na mtoto wa miaka kama sita akanionyesha kwa kidole bila kuulizwa: huyu ni babu, huyu ni mama yake babu, huyu ni baba mdogo. Mti wa sale umepandwa kichwani mwa kila mmoja. Kwa watu wale ardhi ya kihamba haiuzwi ovyo kwa sababu wamelala humo waliowaachia. Mtu akizikwa Dar es Salaam, yule mtoto hatakuwa na mahali pa kuelekeza kidole. Zile siku nne za kusubiri zilikuwa ni za kuwakusanya wote wanaomhusu ili asiondoke baadhi yao wakiwa hawapo. Subira ile ndiyo heshima yao.

Tanzania imeyaona haya mbele ya macho ya taifa zima, katika misiba ya marais wake. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akazikwa Butiama tarehe 23. Benjamin Mkapa alifariki Julai 2020, akazikwa Lupaso tarehe 29 mwezi huohuo. John Magufuli, ambaye kifo chake kilitokea tarehe 17 Machi 2021, alizikwa Chato tarehe 26. Ali Hassan Mwinyi alifariki Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024, na tarehe 2 Machi alikuwa ameshazikwa Mangapwani, Unguja. Serikali ni ileile, na wote walipewa heshima za kitaifa. Mmoja alikaa siku mbili, wengine wakasubiri siku tano hadi tisa watu wawaage. Sikumsikia hata mmoja akidai kwamba Mzee Mwinyi alidharauliwa kwa kuzikwa upesi, wala kwamba Mwalimu aliteswa kwa kucheleweshwa. Kwa viongozi tuliweza kuelewana, ila kwa jirani wa nyumba ya tatu inatushinda.

Ugomvi mkali zaidi chamani kwetu, hata hivyo, ulihusu fedha. Katiba yetu ya awali ilisema chama kitanunua jeneza na kuchangia usafiri wa mwili. Kila mwanachama alitoa ada sawa kila mwezi. Siku moja kwenye mkutano, baba mmoja aliyekuwa mwanachama tangu mwanzo akasimama. Akasema kwao mtu anazikwa hapahapa kwa sanda, kafuri na mbao za kufunikia mwanandani. Hawanunui jeneza, hawakodi basi. Miaka yote anatoa sawa na wengine, na fedha zake zinapanda basi kwenda Kilimanjaro, Bukoba na Mbeya. Haki iko wapi?

Mama aliyemjibu hakupandisha sauti. Alisema hawakuanzisha benki. Walianzisha chama ili kila mtu azikwe kwao, na kama kwao kwa fulani ni Tabata na kwao kwa fulani ni zaidi ya kilomita 500, chama kimfikishe kila mmoja anapotakiwa kufika. Akamwuliza yule baba: mtoto wako mmoja akiugua na mwingine akiwa mzima, utanunua dawa za wawili ili wawe sawa?

Ukumbi ulinyamaza, maana wote wawili walikuwa sahihi. Mmoja alishika haki ya kugawana sawa kwa waliochangia sawa. Mwingine alishika haki ya kila mtu kupata kiasi cha shida yake. Nimeona tofauti hii kwenye mirathi, kwenye posho za kazini, hata kwenye ugawaji wa nyama ya harusi, na karibu kila mara watu huishia kuitana wachoyo au wezi, ilhali kila upande una kipimo halali mkononi. Tulibishana mikutano kadhaa. Mwishowe tukaandika kwamba kila nyumba iliyofiwa itapata kiasi kimoja, iwe ni cha jeneza au cha pilau la matanga, shauri lao. Usafiri utachangiwa kwa bakuli, kwa hiari. Jambo lililonishangaza ni kwamba bakuli la kwanza kupitishwa lilijaa, na miongoni mwa waliojaza ni wale wale waliokuwa wakilalamika. Fedha ni ileile, inakwenda kwenye basi lilelile. Ilipokatwa kwenye ada waliiona ni dhuluma, na ilipoombwa wakaiona ni sadaka yenye thawabu.

Wapo wataalamu waliolichunguza jambo hili kwa utaratibu mrefu. Mwaka 1987 Richard Shweder, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na wenzake Manamohan Mahapatra na Joan Miller, walichapisha utafiti ambamo waliwauliza watu wa Chicago na watu wa Bhubaneswar, mji wa mashariki mwa India, juu ya visa 39 vya mwenendo: kipi ni kosa, na ni kosa zito kiasi gani. Kimoja kati ya visa hivyo kilihusu msiba. Siku moja baada ya baba kufa, mtoto wa kiume wa kwanza alikata nywele na kula kuku. Kwa watoto wa Chicago hapakuwa na lolote la kulaumu. Watoto wa Kibrahmani wa Bhubaneswar walikiona ndicho kiovu kupita vyote.

Ukisikia hivyo utadhani watu hawa hawana hata kitu kimoja cha kupatana. Lakini sikiliza wanachoamini wale wa Bhubaneswar. Roho ya baba katika siku zile za kwanza inahangaika kujinasua kutoka katika mwili, na inahitaji watoto wake wajizuie nyama, wajizuie kunyoa, mpaka siku zitimie. Mtoto wa kwanza akila kuku, amemwacha baba yake njiani. Sasa mwulize mtu wa Chicago: je, ni vyema kumtelekeza mzazi wako wakati anakuhitaji kuliko wakati wowote? Atasema hapana. Wanapatana juu ya wajibu kwa mzazi. Wanachotofautiana ni kama baba bado yupo mahali fulani akisubiri. Mwanafalsafa wa Marekani James Rachels aliisisitiza hoja hii katika vitabu vyake: mara nyingi tunapodhani tunatofautiana katika mema na mabaya, tunatofautiana katika picha ya ulimwengu ulivyo. Naikubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa. Jirani aliyesema maiti anateseka kwenye jokofu na jirani aliyesema mjukuu hakumwona babu yake, wote wanataka marehemu asitendewe ubaya.

Herodoto, mwandishi wa historia wa Ugiriki ya kale, ana kisa cha zaidi ya miaka 2,400 iliyopita ambacho hakijachakaa. Dario, mfalme wa Uajemi, aliwaita Wagiriki waliokuwa katika baraza lake akawauliza ni fedha kiasi gani wangetaka ili wale miili ya baba zao waliokufa. Wakasema hakuna fedha duniani. Kisha akawaita watu wa kabila moja la India, ambao Herodoto anasema walikuwa na desturi hiyo, akawauliza mbele ya Wagiriki wangetaka nini ili wawachome moto baba zao, kama Wagiriki walivyokuwa wakifanya. Wakapiga kelele wakimsihi asitamke maneno mabaya kama hayo.

Moto uleule uliwatikisa watu wa Liberia mwaka 2014. Ebola ilikuwa inaua, na mwili wa aliyekufa kwa Ebola ni hatari kuliko alivyokuwa hai. Anayemwosha, anayemkumbatia, anayembusu, hujiambukiza. Mwezi Agosti serikali ya Rais Ellen Johnson Sirleaf iliamuru miili ya Monrovia na vitongoji vyake ichomwe. Kisayansi amri ilikuwa na maana. Tanuri lililotumika lilikuwa la jamii ya Wahindi waliokuwa wakiishi nchini humo, ambao kwao kuchomwa ndiyo njia takatifu ya kumsindikiza mtu. Kwa Waliberia wengi, Wakristo kwa Waislamu, ilikuwa ni kumwangamiza mara ya pili. Nchi ile ina sikukuu ya kitaifa, Jumatano ya pili ya mwezi Machi, ambapo familia huenda makaburini kufyeka majani, kupaka rangi na kukaa na watu wao. Aliyefanywa majivu pamoja na wengine, ataendewa wapi siku hiyo?

Matokeo yake watu waliwaficha wagonjwa na kuzika usiku. Amri iliyokusudiwa kuzuia ugonjwa ikawafundisha watu kuukimbiza gizani. Desemba ya mwaka ule yakafunguliwa makaburi mapya mahali paitwapo Disco Hill, nje ya Monrovia, na uchomaji ukakoma. Mwezi uliotangulia Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo mpya wa mazishi uliotengenezwa kwa kushauriana na viongozi wa dini na wanaanthropolojia. Kwa Mwislamu, badala ya kuoshwa kwa maji, iliruhusiwa kutayamamishwa na waliovaa vifaa vya kujikinga, kisha akatiwa sanda. Familia iliruhusiwa kusimama kwa umbali salama, kumwombea, kushuhudia anaposhushwa. Ugonjwa ule uliondoka na watu zaidi ya 11,000 katika Guinea, Liberia na Sierra Leone. Sitasema mazishi peke yake ndiyo yaliyouzima. Ila nasema bila kusita kwamba mwenye kuwaambia watu "acheni kumheshimu mzazi wenu" hatasikilizwa hata akiwa na maabara kumi nyuma yake, na mwenye kuwaambia "mheshimuni kwa namna hii ambayo haitawaua" ana nafasi.

Ndugu zetu wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, waliyapitia hayohayo kwa Kiswahili hikihiki tunachoongea. Mlipuko wa kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 uliua watu 2,287. Vikosi vya mazishi vilirushiwa mawe, vikashambuliwa. Katika eneo lililokwisha kuzoea vita na kudanganywa, mfuko uliofungwa ulizusha maneno: mtu wetu hayumo, wametoa viungo, wametia mawe. Msalaba Mwekundu ukaleta mifuko yenye sehemu angavu ya kuonea, familia ikathibitisha uso. Kumbe walichokuwa wakikitaka ni kile alichokikosa mjukuu wa Mwanza.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila kabila na kila dini ina moyo mmoja. Sivyo, na hakuna kesi iliyoonyesha hilo wazi kuliko ile ya S. M. Otieno kule Kenya. Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, Mjaluo, alifariki ghafla tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga na mpigania uhuru, alitaka kumzika kwenye shamba lao Matasia, karibu na Ngong, akisema ndivyo mumewe alivyotaka. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na ukoo wa Umira Kager, wakasema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao Otieno ni Nyalgunga, Siaya.

Kesi ilisikilizwa na Jaji Bosire, mawakili wakiwa John Khaminwa upande wa mjane na Richard Kwach upande wa ukoo. Kenya nzima ilikuwa inasikiliza redio. Upande wa Wambui ulimweleza Otieno kama mtu wa kisasa: aliyefunga ndoa ya kisheria, aliyelea watoto mjini, aliyempenda Shakespeare. Upande wa ukoo ulieleza kwamba nyumba ya mjini ni mahali pa kutafutia riziki, na kwamba mtu akizikwa pasipo pake hatulii, na wala hatawaacha watulie waliobaki. Profesa Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliitwa kutoa ushahidi juu ya mila za Kijaluo. Tarehe 13 Februari 1987 ukoo ukashinda, na tarehe 15 Mei Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyohivyo: kusoma, kuishi mjini na kuoa nje ya kabila hakumvui mtu Ujaluo wake. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, baada ya miezi mitano mochwari. Wambui hakuhudhuria.

Nimesimuliwa kesi ile na watu wengi, na wengi huisimulia kama vita vya Wakikuyu na Wajaluo, au vya wanawake na wanaume. Yote mawili yamo. Kwangu mimi swali lililokuwa mezani ni jingine: mtu akishakufa ni wa nani? Kwa Wambui, mtu ni wa nafsi yake na wa wale aliochagua kuishi nao. Kwa ukoo, mtu amepokewa kutoka kwa waliomtangulia na hana mamlaka ya kujichukua akaondoka. Haya ni majibu mawili ya watu wazima waliomlilia mtu mmoja, na hakuna hakimu anayeweza kuyalinganisha kwenye mizani. Alichoweza ni kusema sheria iko upande gani, na nionavyo mimi, upande uliochaguliwa ulimwonea mjane. Mwanamke aliyeishi na mtu zaidi ya miaka ishirini, akamzalia, hakupaswa kusimama mahakamani kama mgeni wa maiti ya mumewe.

Hapo ndipo tunu za mtu binafsi zinapoingia. Mwanasaikolojia Shalom Schwartz wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem alichapisha mwaka 1992 uchunguzi uliofanywa katika nchi 20, akionyesha aina kumi za mambo ambayo wanadamu huyathamini: usalama, mila, kutii taratibu, wema kwa walio karibu, usawa kwa watu wote, kujiamulia, na mengineyo. Zinatambulika karibu kila mahali. Kinachotofautiana ni ipi inakaa juu ya ipi, na zile zinazovutana, kama mila na kujiamulia, ni vigumu kwa mtu mmoja kuziweka zote juu. Ndiyo sababu watoto wa tumbo moja, waliolelewa kwa ugali mmoja, wanagombana msibani. Wa kwanza ameweka mila juu, wa tatu ameweka alichosema mama kabla hajafa.

Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya aliyefariki Septemba 2011, aliagiza asizikwe kwenye jeneza la mbao, kwa kuwa maisha yake yote aliyatumia kupanda na kutetea miti. Mwili wake uliwekwa kwenye jeneza la mianzi, magugumaji na mafunjo, ukachomwa Kariokor, Nairobi. Kwa Wakenya wengi kuchomwa ni jambo la kutisha, na maneno yalikuwepo. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba hakumaanisha. Mwanasiasa Raila Odinga naye, alipofariki Oktoba 2025, alirudishwa kwao Bondo kama Mjaluo yeyote anavyotarajiwa kurudishwa, ila akazikwa baada ya siku nne tu, kwa sababu alikuwa amesema hataki mazishi ya kukokotwa. Alishika sehemu moja ya mila na kuiachia nyingine.

Kuna watakaosema kwamba kwa maneno haya natetea kila kinachoitwa mila. Hapana. Nimeshuhudia, ndani ya siku za matanga, mashemeji wakibeba friji na televisheni kutoka nyumba ya mjane huku wakisema ndivyo mila inavyotaka. Nikawauliza wazee wa kabila lao walioketi palepale, wakatazama chini. Mila ya kweli huwa na mzee anayeweza kuieleza mchana mbele ya watu, na humgharimu pia yule anayeidai. Wachagga waliokesha na tochi kwenye baridi ya Rombo walikuwa wanajigharimu. Mashemeji wale hawakugharimika chochote. Na hata mila yenye wazee wa kuitetea hupimwa. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba sheria ya kimila ya Wahaya iliyomnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo, ilhali mwanamume anao, inapingana na Katiba. Holaria Pastory alikuwa mwanamke wa kijijini aliyerithishwa ardhi na baba yake mwenyewe kwa wosia. Uhaya haukufa siku ile.

Mwaka jana kijana wetu mmoja chamani, baba Mchagga, mama Mnyakyusa, amezaliwa Tabata na kukulia Tabata, aliniletea karatasi aliyoiandika kwa mkono. Anataka akifa azikwe Dar es Salaam. Hana ugomvi na mtu, alisema, ila Rombo amekwenda Krismasi tu na Tukuyu hajui hata njia ya kwenda kisimani. Wazazi wake bado wapo. Nilimwambia karatasi ile haina nguvu bila wao kuijua, akanijibu kwamba kuwaambia ndiko kunakomshinda.

Tukaipeleka kwenye mkutano bila kumtaja. Baada ya majadiliano tumeongeza ukurasa kwenye fomu ya uanachama. Mtu anaandika anataka kuzikwa wapi, kwa taratibu za nani, nani aongoze, nani asikose. Chini yake pana nafasi za saini mbili: ya mwenza, na ya mtu mmoja wa ukoo aliyesomewa maneno hayo akayasikia. Wanachama walio wengi wameshajaza upande wao. Nafasi ya pili, ile ya ukoo, kwenye fomu nyingi bado iko tupu, na kila Jumapili ya mkutano nawauliza wahusika mmoja mmoja wamefikia wapi.